Orodha ya nguo za mtoto mchanga ianze na siku za kufua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie orodha ya mahitaji ya mtoto mchanga iliyochapishwa katika ukurasa wa familia wa gazeti lako. Ningeiacha ipite, kama nilivyoziacha nyingine za aina hiyo, lakini mdogo wake mke wangu, ambaye ana mimba ya miezi saba na ndiyo ya kwanza, aliikata kwa mkasi, akaikunja vizuri ndani ya kadi yake ya kliniki, akaja nayo nyumbani kwetu. Aliitandaza mezani, akachukua kalamu na kuweka alama mbele ya vitu ambavyo tayari anavyo. Vilikuwa vinne. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujihukumu: "Shemeji, hivi vingine vyote nitavipata wapi? Na nikikosa nusu yake, mtoto wangu ataumia?"

Najua swali hilo haliko nyumbani kwetu peke yake, ndiyo maana nimeona nilijibu hadharani. Wako akina mama wengi, na akina baba pia, ambao wakati huu wanapiga hesabu ya kukopa ili wamalize orodha kama ile kabla ya siku ya kujifungua, na fedha wanayoikopa wataihitaji sana baada ya siku hiyo, pengine kwa nauli ya kliniki, pengine kwa dawa, pengine kwa chakula cha mama anayenyonyesha.

Orodha yenu inataja idadi bila kutaja sababu. Inasema fulana kumi na mbili, ovaroli nane, kofia sita, soksi jozi kumi, glavu, viatu laini, mablanketi matatu mazito na seti maalumu ya kutokea hospitalini. Hakuna mahali inapomuuliza msomaji anafua mara ngapi kwa wiki, nguo zake hukauka kwa muda gani, anaishi kwenye baridi au joto, wala kama ana ndugu aliyejifungua mwaka jana. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua idadi, na mtu mwenye fedha kidogo hawezi kumudu kununua kwa kubahatisha.

Niseme nilivyolifahamu jambo hili. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na mama yake akakatazwa kunyanyua ndoo na kuinama kwa wiki kadhaa. Kazi ya kufua ikawa yangu. Nami sikuwa nimewahi kufua nguo za mtoto mchanga, kwa hiyo siku ya tatu, kwa kuchoka tu, nikaanza kuandika kwenye kalenda ya ukutani idadi ya nguo nilizoanika. Siku nyingi zilikuwa tatu. Siku mbili zilifika tano, na siku moja, ambayo mtoto alilala sana, ilikuwa moja. Mwezi ulipokwisha nilitazama kwenye droo tulimopanga nguo zake. Tulikuwa tumenunua karibu thelathini, baadhi kwa mkopo. Zilizokuwa zimepita kwenye kamba yangu zilikuwa tisa, zilezile, zikirudi na kwenda kama watu wa zamu. Nyingine zilibaki zimekunjwa na vibandiko vyake, na wakati huo hazikumwingia tena.

Kutokana na kalenda ile nilipata hesabu ambayo nimempa shemeji yangu na ambayo ningependa wasomaji wako waipate. Chukua idadi ya nguo ambazo mtoto huchafua kwa siku. Kwa walio wengi, tatu ni makisio ya haki, kwa kuwa mtoto hucheua maziwa, na nepi huvuja hata ikifungwa kwa uangalifu gani. Zidisha kwa idadi ya siku zinazopita kati ya kufua na kufua. Ongeza nguo atakazovaa wakati zilizofuliwa bado ziko kambani, kisha ongeza mbili za akiba kwa siku ya kuharisha. Anayefua kila siku, na nguo zake zikakauka kufikia kesho yake, anahitaji tatu za kuvaa, tatu za kambani na mbili za akiba, yaani nane. Mtu huyohuyo, mvua zikianza na nguo zikawa zinachukua siku mbili kukauka, atahitaji kumi na moja. Anayefua kila siku ya tatu anafika kumi na nne. Tofauti ya nane na kumi na nne hailetwi na mapenzi kwa mtoto wala uwezo wa mfuko; inaletwa na kamba, maji na mtu wa kufua. Kwa hiyo mwenye kipato kidogo ambaye ana mtu wa kumsaidia kufua kila siku anaweza kununua nguo chache na fedha inayobaki akaiweka kwenye sabuni, na aliye peke yake, akitoka kwenye uzazi mgumu, afadhali aongeze nguo mbili tatu kuliko kujilazimisha kufua kila asubuhi mgongo ukiuma.

Nepi zihesabiwe kando, kwa sababu zina mwendo wake. Kuanzia mwishoni mwa wiki ya kwanza mtoto anayenyonya vizuri hukojoa mara sita au zaidi kwa siku, na choo juu yake, kwa hiyo nepi nane hadi kumi na mbili kwa siku si ajabu. Anayetumia za kitambaa azidishe kwa siku za kufua kama nilivyoeleza. Wengi hutumia za kitambaa mchana na za kutupa usiku au safarini, na sioni ubaya. Jambo moja tu la kuangalia: mpaka kitovu kidondoke, jambo ambalo kwa kawaida hutokea katika wiki ya kwanza au ya pili, ukingo wa nepi ukunjwe uwe chini ya kitovu ili kipate hewa na kisilowe mkojo.

Sasa nije kwenye vipimo, mahali ambapo fedha nyingi hupotea. Viwango vya ukuaji wa watoto vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, vilivyotokana na watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, vinaonyesha kwamba mvulana wa wastani huzaliwa akiwa na kilo 3.3 na urefu wa sentimita 50. Akitimiza mwezi mmoja ana kilo 4.5 na karibu sentimita 55, na akitimiza miezi mitatu ana kilo 6.4 na zaidi ya sentimita 61. Msichana yuko nyuma yake kidogo tu. Maana yake ni kwamba ndani ya miezi mitatu mtoto hukaribia kuuongeza uzito wake maradufu na hurefuka zaidi ya sentimita 10. Sijui nguo gani nyingine katika maisha ya binadamu humtupa mtu kwa kasi hiyo.

Ndiyo maana namsihi kila anayenunua kwa fedha kidogo asijaze kikapu kwa kipimo kidogo kuliko vyote. Nguo tatu au nne za kipimo hicho zinatosha, na nyingine zote ziwe za kipimo kinachofuata. Fulana iliyozidi kidogo hukunjwa mikono, na mtoto hana habari. Fulana inayobana haina la kufanya. Tahadhari ni kwamba isizidi mno, kwa maana kola pana sana huweza kupanda ikafunika mdomo na pua mtoto akiwa amelala. Vilevile asidanganywe na kibandiko kinachosema "miezi 0 hadi 3", kwa kuwa kila kiwanda kina miezi yake. Vibandiko vinavyotaja sentimita, yaani 50, 56, 62 na kuendelea, vinasema urefu wa mtoto na ni vya kuaminika zaidi. Kama hakuna kibandiko, kama ilivyo kwa nguo nyingi za mitumba, nenda na tepu ya fundi cherehani au hata uzi uliopima mapema, upime kutoka begani hadi kati ya miguu na kulinganisha na nguo unayojua inamwingia mtoto wa umri huo.

Kuna watoto ambao hesabu hii haiwahusu mwanzoni, nao ni wale wanaozaliwa kabla ya wakati au wakiwa na uzito mdogo, ambao Shirika la Afya Duniani linauweka chini ya gramu 2,500. Kwa hao hata kipimo cha 50 ni gunia. Lakini hakuna sababu ya kumnunulia mtoto huyo nguo kabla hajazaliwa, kwa hofu, wakati ambapo nguo yake ya kwanza na bora haiuzwi. Mwaka 1978 madaktari wa Bogotá, nchini Kolombia, Edgar Rey na baadaye mwenzake Hector Martínez, wakikabiliwa na msongamano na uhaba wa mashine za kuwatunzia watoto njiti, walianza kuwaweka watoto hao vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakiwa na nepi na kofia tu na kufunikwa kwa kitambaa. Njia hiyo, ambayo leo inaitwa ya kangaruu, imethibitishwa kuokoa maisha na inapendekezwa duniani kote. Na si kwa njiti peke yao: kila mtoto hufaidika na kifua cha mama katika saa za mwanzo, na cha baba pia pale mama anapokuwa bado yuko mikononi mwa madaktari. Nilikaa hivyo na binti yangu wa kwanza kwa saa nzima, shati likiwa wazi na shuka likiwa juu yetu, na seti maalumu tuliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo ilikuwa bado ndani ya mfuko.

Hofu ya baridi ndiyo inayouza mablanketi, kwa hiyo niiseme vizuri. Ni kweli kwamba mtoto mchanga hupoteza joto haraka. Ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili, na hawezi kutetemeka akajipasha joto kama sisi. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kumvisha tabaka moja au mbili zaidi ya mtu mzima aliye katika hali hiyohiyo ya hewa, pamoja na kofia, na kumwogesha baada ya saa 24 tangu kuzaliwa. Tabaka moja au mbili, Mhariri, wala si tano. Mtoto aliyefungwa kama mzigo wa posta hupata joto kupita kiasi, na joto hilo limo miongoni mwa mambo yanayohusishwa na vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Kwa sababu hiyo wataalamu wa usingizi wa watoto wanashauri mtoto alazwe chali, asiwekewe mito wala mablanketi yaliyolegea karibu na uso, na kofia ivuliwe anapolala ndani ya nyumba yenye joto la kutosha.

Kwa mwenye bajeti finyu ushauri huo ni habari njema. Fulana mbili nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine hutunza joto kuliko moja nzito, kwa sababu ya hewa iliyonaswa katikati, na jua likipanda unavua moja badala ya kumbadilisha mtoto mzima. Sweta moja na blanketi moja jepesi la kumfunika anapobebwa vinatosha kuanzia. Na kama hujui kama amepata joto la kutosha, usiguse mikono wala nyayo, ambazo kwa mtoto mchanga huwa za ubaridi na hata rangi ya samawati bila ugonjwa wowote. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa na joto la kawaida, ameridhika. Pakiwa na jasho, mpunguzie nguo. Pakiwa pa baridi, mwongeze tabaka au umweke kifuani mwako.

Kuhusu kitambaa nina msimamo ambao sitaki kuupunguza: fedha kidogo uliyo nayo iende kwenye nguo inayogusa ngozi, na nguo ya juu iwe ya aina yoyote. Pamba laini iliyofumwa kama ya fulana hunyonya jasho, hunyumbuka na huvumilia maji ya moto. Ifuliwe kabla haijavaliwa mara ya kwanza, maana nguo mpya hutoka kiwandani na rangi iliyozidi na dawa za kuzuia mikunjo, nayo hupungua kidogo ikilowa. Sabuni isiyo na manukato na kusuuza mara mbili hufanya kazi kuliko dawa ya kulainisha nguo.

Na mshono wake utazamwe. Usiku mmoja, kama saa nane, binti yetu alijisaidia choo chepesi kilichopanda mgongoni hadi karibu na shingo. Alikuwa amevaa fulana nzuri ya zawadi yenye shingo nyembamba na vifungo viwili nyuma. Njia pekee ya kuivua ilikuwa kuipitisha kichwani. Mke wangu aliinua mikono ya mtoto, mimi nikawa nashikilia kichwa, na kile tulichotaka kukiondoa tukakipaka kwenye nywele, sikioni na kwenye nyusi, mtoto akilia mpaka akapoteza sauti. Nguo ya pili usiku uleule ilikuwa ile ya bei nafuu ambayo mabega yake yamekatwa yakapishana kama bahasha. Nilikuwa nimedhani ni mtindo tu. Kumbe mabega hayo hufunguka, na nguo ikavuliwa kwa kushushwa chini, kupitia mabegani na kiunoni hadi miguuni, uchafu ukabaki ndani yake. Tangu siku hiyo, kabla ya kununua fulana ya mtoto naivuta shingo kwa mikono miwili nione inafunguka kiasi gani. Nguo inayofunguka mbele kuanzia juu mpaka chini ni bora zaidi kwa wiki mbili za kwanza, wakati kichwa bado hakijiwezi na kitovu bado kipo.

Jambo jingine la mshono ni dogo mno kwa macho lakini nimeliona kwa mtoto wangu wa pili. Alilia jioni nzima. Alikataa ziwa, tumbo halikuwa gumu, joto lilikuwa la kawaida. Tulikuwa tunajiandaa kwenda hospitalini mama yake alipomvua ovaroli yenye miguu na kukuta uzi uliochomoka kwenye mshono wa ndani umejizungusha mara tatu kwenye kidole cha tatu cha mguu wa kushoto. Kidole kilikuwa kimevimba na kuiva wekundu kama punje ya komamanga. Uzi ulikuwa mwembamba hivi kwamba ulizama kwenye ngozi, na tuliukata kwa mkasi wa kucha, mikono ikitutetemeka. Kidole kilirudi hali yake usiku uleule, lakini wauguzi walitueleza baadaye kwamba uzi au unywele ukikaa muda mrefu hukata damu na kidole huweza kupotea. Soksi, glavu na ovaroli zenye miguu zigeuzwe ndani nje kila zinapofuliwa, na nyuzi zote zikatwe.

Kamba na utepe shingoni visinunuliwe kabisa, hata kama nguo inatolewa bure. Uingereza ilitunga kanuni tangu mwaka 1976 dhidi ya kamba za kofia kwenye makoti ya watoto, na nchi nyingine zikafuata kwa kanuni na viwango vyake, kwa sababu watoto walinyongwa nazo. Ukipewa nguo yenye kamba, ichomoe kisha uitumie. Vifungo vivutwe kwa nguvu kimoja kimoja, na kinacholegea kishonwe upya au kiondolewe.

Nimesema mitumba, na najua wako watakaokunja uso. Shemeji yangu mwenyewe aliniambia ndugu wa mume watasema nini wakimwona mtoto wa kwanza amevalishwa nguo iliyovaliwa na mtu mwingine. Nalichukulia neno hilo kwa uzito, kwa sababu aibu ni gharama kama gharama nyingine na inawafikisha watu kwenye mikopo. Lakini nguo ya mtoto mchanga iliyokwisha kuvaliwa ina sifa ambazo mpya hazina. Imekwisha kupungua, kwa hiyo kipimo unachokiona ndicho kitakachobaki. Rangi iliyozidi imekwisha kutoka. Kitambaa kimelainika. Na kwa kuwa mwenyewe wa kwanza aliivaa wiki chache tu, mara nyingi haijachakaa. Cha kutazama ni lastiki ya kiunoni na kwenye vifundo kama bado inavutika bila kubana, vifungo kama ni imara, na kwapa na shingo kama hazijatoboka. Iloweke, ifue kwa maji ya moto na sabuni, ianike juani, uipige pasi. Baada ya hapo hakuna atakayejua, na mtoto mwenyewe hatauliza.

Lipo onyo moja tu kuhusu nguo zilizohifadhiwa, na naomba ulichapishe hata ukilazimika kukata sehemu nyingine ya barua hii. Vile vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kabatini au kwenye masanduku kufukuza wadudu visikaribie nguo za mtoto mchanga. Wako watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao ni wengi hasa Afrika, Asia na nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, na wazazi kwa kawaida hawajui kama mtoto wao ni mmoja wao. Mvuke wa naftalini ulionaswa kwenye nguo na mablanketi huweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto huyo, akageuka manjano kwa kasi, na umanjano ukizidi huharibu ubongo. Upendo wa bibi anayetoa kwenye sanduku nguo alizozitunza kwa miaka mingi hauna shaka. Nguo yenye harufu hiyo, hata hivyo, isivalishwe mtoto mchanga, hata ikiwa imefuliwa mara moja na harufu imefifia. Kama una nguo unazomtunzia mtoto atakayefuata, zifue, zikauke kabisa, uzifunge kwenye mfuko safi bila dawa yoyote.

Viatu havihitajiki mpaka mtoto aanze kutembea. Glavu hazihitajiki, kucha zikatwe au zisuguliwe, maana mtoto hutumia mikono yake kutafuta ziwa na kuonyesha njaa. Seti ya kutokea hospitalini ni nguo ya picha moja. Nguo zenye lesi na mapambo ya kushona hukwaruza, na mtoto hana namna ya kusema zinamkwaruza.

Kuhusu zawadi, watu wengi hupenda kumletea mtoto nguo, nao karibu wote huleta kipimo kidogo kwa sababu ndicho kinachopendeza mkononi. Mzazi asione haya kusema mapema, kwa heshima, "Mkitaka kumletea nguo, tuleteeni za miezi sita." Sisi tulipopata mtoto wa tatu tulisema hivyo, na hatukununua fulana hata moja hadi alipoanza kukaa. Rangi nazo zisichaguliwe kwa kungoja kujua ni mvulana au msichana. Nguo ya kijani au ya kahawia haimkatai mdogo wake atakayeirithi.

Ufini ililiona jambo hili kwa upana ambao ningependa viongozi wetu wa kila mahali waufikirie. Tangu mwaka 1938 serikali ya huko ilianza kuwapa mama wenye kipato kidogo msaada wa uzazi, na kuanzia mwaka 1949 ukawa wa kila mama bila kujali kipato, kwa sharti la kwenda kliniki kabla ya mwisho wa mwezi wa nne wa ujauzito. Anayetaka huchukua fedha, na walio wengi, hasa wenye mtoto wa kwanza, huchukua sanduku la nguo na vifaa ambalo lenyewe, likiwekwa godoro lake, huwa kitanda cha mtoto. Nguo zake hazitengi wavulana na wasichana. Kinachonigusa katika mpango huo ni kwamba mtu alikaa akahesabu mtoto atavaa nini kweli, akaweka hicho, na tajiri na maskini wakavalishwa sawa.

Sisemi gazeti linaweza kugawa masanduku. Ninachoomba ni kidogo. Mkiichapisha tena orodha hiyo, ondoeni safu ya idadi na mahali pake muweke nafasi tatu tupu ambazo msomaji atajaza kwa kalamu: nafua kila baada ya siku ngapi, nguo zangu hukauka kwa siku ngapi, nimeahidiwa nini na ndugu na marafiki. Vitu vinavyoweza kuazimwa viwekewe alama, na vile ambavyo mtoto hatavihitaji kabla ya miezi mitatu vihamishiwe chini ya ukurasa. Shemeji yangu na mimi tulifanya hivyo kwenye nakala yake, mezani kwetu, jioni ileile. Alipomaliza kujaza alikuwa amebakiza vitu sita vya kununua, na viwili kati ya hivyo ni sabuni na kamba ya kuanikia.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Baba wa watoto watatu
(Jina na anwani vimehifadhiwa)